Imani na ustawi wa wanafunzi: uwiano wa 0.71 unapokuwa mzuri kupita kiasi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasoma Shahada ya Uzamili ya Saikolojia ya Ushauri hapa Dodoma. Tasnifu yangu inahusu maisha ya kiroho na ustawi wa wanafunzi wa chuo kikuu. Nimetumia dodoso la Spiritual Well-Being Scale lenye vipengele 20, pamoja na kile kipimo cha kuridhika na maisha chenye vipengele 5. Katika majaribio ya wanafunzi 40 nimepata uwiano wa 0.71, p chini ya 0.001. Nilifurahi, lakini msimamizi wangu amekataa, anasema namba ni nzuri kupita kiasi na kwamba nimepima kitu kimoja mara mbili. Sijamwelewa. Nibadilishe vipimo? Na wanafunzi wangapi wanatosha? Viongozi wa TMCS, USCF na CASFETA, jumuiya za wanafunzi Wakristo, wameshanikubalia nigawe dodoso kwenye ibada zao, naona itanirahisishia kazi.

Jibu: Msimamizi wako yuko sahihi, na heri amekwambia sasa kabla hujachapisha madodoso mia tano. Hesabu zako hazina kosa: uwiano, yaani kiasi alama za vipimo viwili zinavyopanda na kushuka pamoja, ni 0.71 kweli. Tatizo limo ndani ya dodoso lenyewe.

Lichukue lile la vipengele 20, walilolitoa Raymond Paloutzian na Craig Ellison mwaka 1982, ulisome upya ukiwa na kalamu. Limegawanyika nusu kwa nusu. Vipengele 10 vinamhusu Mungu: kama mtu anaona Mungu anampenda na kumjali, kama anapata faraja katika sala zake za faragha, kama uhusiano wake na Mungu unamwondolea upweke. Kumi vilivyobaki havimtaji Mungu kabisa. Vinauliza kama mtu ameridhika na maisha, kama anaona mbele kuna matumaini, kama maisha yake yana kusudi, kama yamejaa migongano na huzuni. Sasa viweke pembeni vile vipengele 5 vya Ed Diener na wenzake, vya mwaka 1985. Navyo vinauliza kama mtu ameridhika na maisha. Mwanafunzi mwenye furaha atapata alama za juu kotekote, awe ni mcha Mungu au hajakanyaga kanisani wala msikitini tangu amalize kidato cha sita. Mwenye sonona atapata alama za chini kotekote, hata kama anasali kila alfajiri.

Harold Koenig wa Chuo Kikuu cha Duke aliandika juu ya jambo hili mwaka 2008. Alilalamika kwamba vipimo vingi vya maisha ya kiroho vimeingiza ndani yake amani ya moyo, maana ya maisha na matumaini, yaani dalili zilezile za afya njema ya akili. Mtafiti akishafanya hivyo, "ugunduzi" kwamba watu wa kiroho wana afya njema ya akili unakuwa umeandikwa kwenye dodoso kabla hajamhoji mtu hata mmoja. Usidhani ukihamia kipimo kingine maarufu umesalimika. Daily Spiritual Experience Scale ya Lynn Underwood na Jeanne Teresi, yenye vipengele 16, nayo ina kinachouliza kama mtu anahisi amani ya ndani.

Kabla ya kubadilisha chochote, fanya uchunguzi mdogo kwa data uliyonayo. Hakikisha kwanza vipengele vilivyoandikwa kwa kukanusha umevigeuza: kwenye kipimo cha majibu 1 hadi 6, alama mpya ni 7 ukiondoa alama ya zamani. Kisha jumlisha vile 10 vya Mungu peke yake na vile 10 vya maisha peke yake, upate uwiano wa kila kundi na kuridhika na maisha. Ninachotarajia ni kwamba kundi la maisha litabeba karibu uzito wote wa ile 0.71, na kundi la Mungu litashuka sana. Tazama pia mtawanyiko wa alama za kundi la Mungu. Kipimo hiki kinajulikana kwa alama kurundikana juu pale wahojiwa wanapokuwa watu wa dini, na chuo cha Tanzania ni mahali pa namna hiyo hasa. Kama wengi wako kati ya 52 na 60 kwenye kipimo kinachoishia 60, hakuna tofauti ya kutosha kati ya mtu na mtu, na uwiano utafifia hata kama kuna uhusiano wa kweli.

Na hiyo 0.71 yenyewe usiikumbatie. Kwa watu 40, ukadiriaji wa asilimia 95, yaani masafa ambamo uwiano wa kweli huenda umo, unaanzia kama 0.51 hadi 0.84. Majaribio ya ukubwa huo ni ya kukuonyesha maswali yasiyoeleweka, muda wa kujaza na makosa ya uchapaji, si ya kukupa matokeo.

Namba unayopaswa kuitarajia

Julie Yonker na wenzake mwaka 2012 walikusanya tafiti 75 za vijana na watu wazima wachanga, jumla ya watu 66,273. Uhusiano wa dini au maisha ya kiroho na ustawi ulikuwa wastani wa 0.16. Kwa sonona ulikuwa hasi 0.11. Miaka tisa kabla yao Timothy Smith, Michael McCullough na Justin Poll walipitia tafiti 147 zenye karibu watu 99,000 na kukuta uhusiano wa dini na dalili za sonona ni hasi 0.10 hivi, ukiwa na nguvu zaidi kwa watu waliopatwa na misukosuko maishani.

Kwa hiyo namba halali katika eneo hili ni ndogo. Uwiano wa 0.16 unaeleza chini ya asilimia 3 ya tofauti za ustawi kati ya wanafunzi. Si jambo la kuona haya. Tafiti hizo nyingi zimefanyika Marekani na Ulaya, na Diener, Louis Tay na David Myers walionyesha mwaka 2011 kwamba faida ya dini kwa ustawi huonekana zaidi kwenye jamii zenye maisha magumu. Huenda kwetu ikapanda kidogo. Lakini ukipata juu ya 0.50, rudi ukasome vipengele vyako.

Vipimo ninavyokushauri

Tenganisha mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi: mtu anafanya nini, imani ina uzito gani kwake, na imani inamsumbua wapi.

Kwa mawili ya kwanza tumia DUREL, kipimo cha udini cha Duke chenye vipengele 5 tu. Cha kwanza kinauliza mahudhurio ya ibada, cha pili ibada za faragha, vyote kwa majibu 1 hadi 6. Vitatu vya mwisho vinauliza kwa kiasi gani dini inaongoza maisha ya mtu, kwa majibu 1 hadi 5, hivyo jumla yake ni 3 hadi 15. Usijumlishe vyote vitano kupata alama moja. Watunzi wenyewe wanasisitiza hivyo, kwa sababu sehemu hizo tatu zinaweza kwenda njia tofauti, na ukizichanganya zinafutana.

Hapa kuna mtego ambao madodoso ya Kimarekani hayakuuwaza. Swali la mahudhurio linawaonea wanawake wa Kiislamu: swala ya Ijumaa msikitini ni wajibu kwa wanaume, si kwao, na mwanamke asiyekwenda msikitini kabisa anaweza kuwa anaswali swala zote tano chumbani kwake. Swali la ibada za faragha linaharibika kwa upande mwingine, maana jibu la juu kabisa ni "zaidi ya mara moja kwa siku," na Mwislamu yeyote anayeswali swala zake analifikia kwa kutimiza faradhi tu. Dawa yake ni kuongeza maswali mawili yako mwenyewe kwa Waislamu: katika siku 7 zilizopita ni siku ngapi uliswali swala zote tano, na ni mara ngapi ulisoma Kurani au kuleta dhikri nje ya swala. Kwa Wakristo ongeza la kusoma Biblia na la jumuiya ndogondogo au kikundi cha maombi. Uchambuzi wa mahudhurio ufanye kwa kila dini na kila jinsi peke yake.

Jambo la tatu ndilo lenye utajiri, na wanafunzi wetu wengi wa uzamili hulipita. Imani haileti faraja tu. Mwanafunzi aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, anaweza kuamini Mungu anamwadhibu. Aliyefiwa na mzazi katikati ya muhula anaweza kujiona ameachwa. Brief RCOPE ya Kenneth Pargament ina vipengele 14, saba vya kukabili shida kwa msaada wa imani na saba vya mapambano na Mungu au na waumini wenzake. Ripoti pande hizo mbili kwa alama mbili, kamwe usitoe moja kwenye nyingine. Uchunguzi mkubwa wa UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, Marekani, ulioanza na wanafunzi 112,232 wa mwaka wa kwanza mwaka 2004, nao ulipima mapambano ya kidini kama jambo linalosimama peke yake, na ukakuta yanaambatana na ustawi duni.

Kipengele kimoja cha Brief RCOPE kitakusumbua: kinachosema Shetani ndiye aliyesababisha jambo hilo. Kwa watunzi ni dalili ya mapambano. Kwenye ushirika wa kilokole hapa nchini ni kauli ya kawaida kabisa, na anayeisema anaweza kuwa amejaa ujasiri, si hofu. Kiache ndani, lakini angalia kama kinakwenda sambamba na vile sita vingine. Kama uwiano wake na jumla ya hivyo sita uko chini ya 0.30, kichambue peke yake na ueleze sababu. Kinyume chake, yapo mambo ambayo kipimo hakiyaulizi kabisa: hofu ya kurogwa, majini, mizimu ya ukoo. Utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliochapishwa 2010 ulikuta zaidi ya nusu ya waliohojiwa Tanzania wanaamini kafara kwa mizimu au mababu inaweza kumkinga mtu na madhara. Huwezi kudai umepima maisha ya kiroho ya mwanafunzi wa Kitanzania huku ukijifanya hayo hayapo. Hoji wanafunzi 8 hadi 10 ana kwa ana, kisha tunga vipengele vinne au vitano kwa maneno waliyoyatumia wao.

Kwa ustawi, baki na vile 5 vya kuridhika na maisha, uongeze WHO-5, kipimo cha ustawi cha Shirika la Afya Duniani. Hii ina vipengele 5 juu ya wiki mbili zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka ukiwa umepumzika, na siku kujaa mambo yanayokuvutia. Kila jibu ni 0 hadi 5, jumla unaizidisha kwa 4 kupata 0 hadi 100, na alama chini ya 50 huchukuliwa kuwa ustawi duni unaohitaji kuangaliwa zaidi. Haina neno la dini hata moja, ndiyo maana naipenda kwa kazi hii. Toleo lake la Kiswahili limeshafanyiwa uhakiki Kilifi, Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na VVU na wenye kifafa. Wanafunzi wa Dodoma ni kundi jingine, hivyo utalazimika kuripoti alfa yako mwenyewe, yaani kiasi vipengele vya kipimo vinavyokubaliana.

Weka ustawi mwanzo wa dodoso na dini baadaye. Mtu aliyetoka kujibu maswali kumi na mawili juu ya Mungu huona vibaya kuandika kwamba hana furaha.

Tafsiri

Usiwape dodoso la Kiingereza kwa hoja kwamba chuoni wanafundishwa kwa Kiingereza. Mambo ya moyoni watu hawayajibu vizuri kwa lugha ya mitihani. Tafuta watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, kaeni watatu mpatanishe, mtu wa nne ambaye hajaona asili arudishe kwenye Kiingereza, mlinganishe. Halafu keti na wanafunzi sita hadi kumi, Waislamu na Wakristo, wake kwa waume, kila mmoja asome kipengele kwa sauti na aeleze kwa maneno yake ameelewa nini. Hatua hii wengi huiruka kwa kuwa haizai jedwali. Ndiyo itakayokuonyesha kwamba "uhusiano binafsi na Mungu" Mlokole anaielewa papo hapo na Mwislamu anabaki anakutazama, au kwamba kipengele cha kukanusha kinachojibiwa "sikubaliani" kinamlazimisha mtu kukanusha mara mbili, na nusu yao wanakosea. Alfa iliyoshuka hadi 0.55 mara nyingi imetokea hapo, au kwenye vipengele ulivyosahau kuvigeuza.

Wangapi, na wapatikane wapi

Najua utaletewa fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli. Kwa chuo chenye wanafunzi 12,000 na kosa la asilimia 5 itakupa 387, na tasnifu nyingi zimepita nayo. Lakini fomula hiyo ni ya kukadiria asilimia, mfano wangapi wanaishi hosteli. Wewe unatafuta uwiano. Ili kuubaini uwiano wa 0.16 kwa uwezekano wa asilimia 80, unahitaji watu kama 305. Kwa 0.11 unahitaji kama 646. Tena, ukichukua wanafunzi kwa madarasa mazima, watu wa darasa moja hufanana, na kufanana huko kuna gharama: ukichukua 30 kwa kila darasa na mfanano wa 0.02, zidisha kwa 1.58. Ile 305 inakuwa 482. Kwa kuwa asilimia 10 ya madodoso yataharibika, gawa kwa 0.9, utafika 536, yaani madarasa 18.

Ofa ya viongozi wa ibada ikatae kwa heshima, angalau kwa sehemu ya takwimu. Ukigawa dodoso ibadani, wote watakuwa na mahudhurio ya juu, na kitu kisichotofautiana hakiwezi kuhusishwa na chochote. Pili, waliovunjika moyo na kuacha kuja hawatakuwepo, nao ndio wangekwambia habari ya mapambano. Tatu, nani ataandika kwamba anamwona Mungu yuko mbali huku mwenyekiti wa ushirika anapita kwenye viti akikusanya karatasi? Tena kwenye orodha yako hakuna jumuiya ya wanafunzi Waislamu hata moja. Badala yake, pata orodha ya kozi zote kwa mwaka wa masomo, chagua vipindi kwa bahati nasibu, omba dakika 15 za mwisho za mhadhara, na mwalimu atoke nje. Wale viongozi watumie kupata watu wa mahojiano.

Muda nao una athari. WHO-5 inauliza wiki mbili zilizopita, na wiki mbili za mwanafunzi zinatawaliwa na vitu viwili: bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) limeingia au halijaingia, na UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ziko karibu au mbali. Ukikusanya nusu kabla ya bumu na nusu baada yake, unaweza kupata tofauti kati ya vitivo ambayo haina uhusiano wowote na imani. Maliza ndani ya siku kumi katikati ya muhula, nje ya Ramadhani na Kwaresima, na andika tarehe juu ya kila dodoso. Weka maswali ya nani anamlipia, asilimia ya mkopo, hosteli au geto, na kama amepata sapu, yaani mtihani wa marudio.

Uchambuzi

Anza kwa kuondoa waliojaza namba moja kuanzia juu hadi chini. Kisha alfa za kila kipimo, kwa jumla na kwa kila dini. Halafu rigresheni ya hatua, yaani kuingiza vigezo kundi kwa kundi uone kila kundi linaongeza nini: kwanza umri, jinsi, mwaka wa masomo na hali ya fedha, pili sehemu moja ya DUREL, tatu pande mbili za RCOPE. Sehemu tatu za DUREL zipe modeli tatu tofauti, maana ukizitia pamoja zinagombania nafasi moja. Msaada wa marafiki na familia unaweza kuupima kwa MSPSS yenye vipengele 12, ila uweke hatua ya mwisho peke yake. Kama mchango wa mahudhurio unatoweka baada ya kuuingiza, hujaonyesha kwamba dini haina kazi. Huenda umeonyesha njia inayopitia, yaani watu wanaokutana nao huko.

Usilinganishe wastani wa Waislamu na wa Wakristo kabla ya kupima kama dodoso linafanya kazi sawa kwa makundi yote mawili. CFI, kipimo cha modeli kuafikiana na data, ikishuka kwa zaidi ya 0.01 unapobana modeli ili makundi yote mawili yawe sawa, acha ulinganisho huo. Na kwa kuwa unapima mara moja, usiandike kwamba imani "inaongeza" ustawi. Wapo wanaosali zaidi kwa sababu wamezidiwa, na hao wanaweza kuufanya uwiano wa ibada za faragha uwe sifuri au hata hasi. Ukipata fursa ya kurudi kwa wanafunzi walewale baada ya wiki kumi, waunganishe kwa alama ya siri wanayojitungia: herufi mbili za mwanzo za jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, namba mbili za mwisho za simu. Usitumie namba ya usajili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu imani ya dini na hali ya afya kuwa taarifa nyeti, na kamati ya maadili ya chuo chako itakuuliza umezilindaje.

Kamati hiyo itauliza jambo jingine kama utaongeza PHQ-9 ya sonona. Kipengele chake cha tisa kinahusu mawazo ya kujidhuru. Dodoso likiwa halina jina, huwezi kumfuata aliyejibu ndiyo. Ama tumia PHQ-8, ambayo imekiacha kipengele hicho na ina jumla ya 0 hadi 24, ama baki na WHO-5 tu. Vyovyote utakavyochagua, kila mshiriki, si wale wenye alama mbaya peke yao, aondoke na karatasi yenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi, saa zake na namba ya simu uliyoipiga mwenyewe ukahakikisha inapokelewa.

Kwa kikao kijacho na msimamizi wako, peleka jedwali la mistari miwili: uwiano wa vile 10 vya Mungu na kuridhika na maisha, na uwiano wa vile 10 vya maisha, kila mmoja na ukadiriaji wake wa asilimia 95. Ambatisha rasimu ya dodoso jipya. Likijazwa na mtu asiyelijua kwa zaidi ya dakika 15, anza kupunguza kwenye MSPSS, siyo kwenye vipengele vya mapambano.